Nilihesabu Magari, Watu Wakapita

Mwaka 2010, nikiwa nimemaliza kidato cha sita nangoja matokeo, nilipata kibarua cha kuhesabu magari Barabara ya Morogoro, pale Manzese. Tulipewa kofia, ubao wenye kibanio, penseli mbili na rundo la fomu. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Gari likipita unachora kijiti. Vikifika vinne, cha tano unavikata kwa mlazo. Fomu ilikuwa na safu ya magari madogo, safu ya daladala, ya mabasi makubwa, ya malori kwa idadi ya ekseli zake, na ya pikipiki. Mwisho kabisa upande wa kulia ilibaki safu moja nyembamba, "mengineyo".

Jua halijachomoza vizuri, akaja kusimama mbele yangu mama mmoja, beseni la vitumbua kichwani, mtoto wa shule mkononi. Alitaka kuvuka. Akatanguliza mguu, akaurudisha. Akatanguliza tena, daladala ikapiga honi, akaurudisha. Mtoto alikuwa amekusanya pindo la kanga ya mama yake ndani ya ngumi, na kila lori lilipopita ile ngumi ilikaza. Nilijaza mstari mzima wa daladala wale wawili wakiwa wamesimama palepale. Baadaye wakaanza kuongezeka watu: wawili, watano, wanane. Kundi lilipokuwa kubwa, mwanamume mmoja akanyoosha kiganja mbele kama trafiki, wote wakavuka kwa pamoja wakikimbia, yule mama mkono mmoja kwenye beseni, mkono mwingine kwa mtoto.

Nikamwita msimamizi wetu. "Kaka, hawa wanaovuka nawaandika wapi?"

Akaitazama fomu juu hadi chini. "Hao siyo magari, dada. Andika magari."

"Na guta?"

"Weka kwenye mengineyo."

Alikuwa kijana mwema. Asubuhi ile alitununulia chai na chapati sote kwa hela yake, na sina kinyongo naye. Ile fomu naye alipewa kama nilivyopewa mimi. Lakini miaka yote hii karatasi ile haijanitoka kichwani, kwa sababu naamini watu wengi wanaogongwa kwenye barabara zetu hugongwa mara ya kwanza mezani, kabla hata greda halijafika.

Tazama hesabu yenyewe ilivyokwenda. Daladala yenye abiria thelathini, wengine wamesimama wameinamisha shingo, ilipata kijiti kimoja. Gari dogo lenye mtu mmoja na redio yake lilipata kijiti kimoja. Na wale abiria thelathini walifikaje kituoni? Kwa miguu. Wakishuka watamalizia kwa miguu. Tena kuna jambo ambalo kila mpanda daladala analijua kwa mwili wake hata kama hajawahi kulitamka: ukipanda basi upande huu asubuhi, jioni litakushusha upande ule. Kama hukuvuka wakati wa kwenda, utavuka wakati wa kurudi. Hakuna anayetumia basi kila siku akakwepa kuivuka barabara. Kwa hiyo anayepanga usafiri wa umma bila kupanga kuvuka amepanga nusu ya safari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari.

Ukihesabu magari, unapata jibu la magari, nalo huwa lilelile: ongeza njia.

Kwa haki, Barabara ya Morogoro ilipata bahati ambayo barabara nyingi za Afrika hazijaipata. Ujenzi wa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia zao wenyewe, ulianza mwaka 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016: kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Mabasi yakapewa njia zao katikati, magari mengine njia mbili kila upande, na pembeni ikawekwa njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Nauli ilianza kwa shilingi 650. Safari ya Kimara hadi Posta, iliyokuwa ikila saa mbili na zaidi siku mbaya, ikawa chini ya saa moja. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Nilifurahi kwa dhati. Nilikuwa nimekulia Manzese na sikuwahi kudhani mtu angekuja siku moja kuchora kwenye ramani njia ya baiskeli inayopita mbele ya Tip Top.

Ninayoyasema hapa, basi, nayasema kama mtu anayeupenda mradi ule na anayeutumia. Naishi Mbezi sasa, na wiki haipiti sijashuka Kimara Mwisho.

Jaribu kuivuka Barabara ya Morogoro mahali pasipo na kituo. Unaanza kwa kutazama kulia, kwa sababu njia mbili za kwanza magari yake yanatokea kulia. Ukizimaliza unakutana na njia ya kwanza ya mwendokasi, nayo inatokea kulia. Hatua chache mbele, ghafla, njia ya pili ya mwendokasi inatokea kushoto. Halafu njia mbili za mwisho, kushoto tena. Kulia, kulia, kushoto, kushoto. Ukiongeza bodaboda inayokuja kinyume kwa kuwa dereva wake ameona njia ya mwendokasi iko wazi, hesabu yote inavurugika.

Mama yangu mdogo alivuka mwaka mmoja baada ya mabasi kuanza. Mtu mzima, mwenyeji wa eneo lile tangu barabara ikiwa ya njia chache na vumbi pembeni. Alitazama kulia, akaona foleni ya magari imesimama, akapita katikati yake. Katika njia ya mabasi akatazama tena kulia, palikuwa peupe. Pikipiki ikatokea kushoto. Alivunjika kifundo cha mkono na mfupa wa paja, akalala hospitali wiki sita, na tangu siku hiyo hajapanda basi peke yake. Yule kijana wa bodaboda naye aliumia. Alikuwa anawahi abiria. Watu waliokusanyika walisema maneno tunayoyasema siku zote, huyu mzembe, yule mzembe. Mimi nilibaki natazama lami. Kutoka pale alipoangukia hadi kivuko chenye taa ilikuwa mwendo wa dakika kadhaa kwenda, na dakika kadhaa kurudi upande wa pili. Nyumba anayokwenda aliiona kwa macho, ng'ambo ya barabara. Mtu mwenye mzigo wa mkaa kichwani hazunguki hivyo. Wewe ungezunguka?

Kivuko huwekwa pale watu wanapovuka. Ukitaka kujua ni wapi, huhitaji mtaalamu kutoka mbali; tazama majani ya ukingoni yamekanyagwa wapi, tazama muuza maji na muuza karanga wamesimama wapi. Wale hawakosei. Wanakaa pale mguu wa mtu unapolazimika kusimama.

Kuna hesabu moja nyingine nataka tuifanye pamoja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kutoka njia 2 hadi njia 8. Anayetoka mikoani kwa basi anajua nafuu yake. Tangu Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi, na Ubungo pale pana barabara za juu za ngazi tatu zenye jina la marehemu Balozi John Kijazi. Foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo ilikuwa mateso, na aliyewahi kukwama Kibamba usiku hawezi kuitamani irudi.

Sasa chukua njia 8. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo nane ni mita 28, ukiacha mitaro na ukingo. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanayomsumbua; yeye ni mita 0.8, nimempima. Mita 28 kwake ni sekunde 35. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Zidisha. Ili mama yangu avuke mara moja bila kukimbia na bila kumtegemea dereva ampunguzie, inabidi wakati anashusha mguu lami ya kwanza, gari lililo karibu zaidi liwe karibu mita 800 nyuma. Mita 800! Macho yake hayafiki huko. Hata yangu, jua la jioni likiwa usoni, hayafiki.

Hapo ndipo ninapotaka wahandisi wetu wakae kidogo. Hawa ni watu wanaojua kukokotoa uzito wa lori juu ya kalavati hadi kilo ya mwisho, na nawaheshimu. Hesabu hii ya mama ni rahisi kuliko ile ya kalavati. Weka katikati ya barabara sehemu pana iliyoinuliwa ambapo mtu anaweza kusimama na mtoto na beseni bila kuguswa, na mara moja anavuka njia 4 badala ya 8: sekunde 17 na nusu, na gari linatakiwa kuwa mita 390 mbali. Punguza mwendo wa magari pale kivukoni hadi 50, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye maeneo ya makazi, na umbali unashuka hadi kama mita 240. Shusha hadi 30 mbele ya shule na sokoni, inabaki mita 150 hivi. Hapo mama anaona. Hapo mama anavuka.

Na mwendo una hesabu yake nyingine, ya pale mambo yanapoharibika. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja tangu aone mtu hadi mguu ufike kwenye breki. Akiwa kwenye 30, katika sekunde hiyo anasogea mita 8, anafunga breki, na kwenye lami kavu anasimama baada ya mita kama 13 kwa jumla. Akiwa kwenye 50, mita hizo 13 zote zinaisha kabla mguu haujagusa breki. Mtoto akitokea mita 13 mbele, gari la 30 linasimama mbele yake, gari la 50 linamfikia likiwa bado kwenye 50 kamili. Dereva ni yuleyule na mtoto ni yuleyule, na hakuna aliyekuwa mzembe zaidi ya mwenzake. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki na abiria wao. Yaani ni watu wa pembeni mwa fomu yangu.

Kila ninapoyasema haya mtaani, mtu ananiambia: tujengewe daraja la kupita juu. Naelewa hamu hiyo. Nimekulia eneo ambalo daraja lake la waenda kwa miguu liligeuka jina la kituo; konda akiita "Darajani!" kila mtu alijua ni Manzese. Lakini nimeishi na daraja, na najua linaanza kumchosha nani. Malori yapite chini, daraja linahitaji kimo cha mita 6 hivi. Kwa ngazi hiyo ni vipandio zaidi ya thelathini kupanda na zaidi ya thelathini kushuka. Kwa njia ya mteremko ambayo mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuisukuma mwenyewe, yaani mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, ni mita 72 kupanda na 72 kushuka, kwa ajili ya kuvuka mita 28. Mjamzito, mzee, mtu wa guta, mwenye kreti za soda, mama aliyebeba mtoto mgongoni: hawa wote tunawapandisha mlima ili gari, lenye injini, lisipunguze mwendo. Na usiku, taa ya juu ikiungua, wanawake tunajua nani anakaa kwenye kona ya ngazi. Ndiyo maana unaona watu wanavuka chini ya daraja, kwenye kivuli chake, na kesho yake gazeti linawaita wakaidi. Pale penye barabara ya juu au reli, daraja halina mbadala. Penye makazi, soko na shule, kivuko kiwe chini, kiinuliwe kama tuta pana ili gari ndilo lipande, kiwe na taa, na taa iachie muda wa mama yangu badala ya muda wa mwanajeshi.

Tena tunao mfano hapahapa Dar es Salaam. Shirika la Amend limekuwa likifanya kazi kwenye shule za msingi zilizo kando ya barabara hatari, kwa mpango unaoitwa SARSAI. Wanakwenda shuleni, wanawauliza watoto wenyewe wanapita wapi na waligongwa wapi, kisha wanaweka vitu vidogo: matuta, njia ya kutembea iliyotengwa na lami kwa nguzo fupi, kivuko, alama. Pengine wanachofanya ni kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda upande wenye utulivu. Geti tu. Utafiti ulipofanyika, majeraha ya watoto kwenye shule hizo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango ule ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji yenye thamani ya dola 250,000. Kinachonigusa zaidi ya tuzo ni ule utaratibu wa kuanzia kwa mtoto. Walimuuliza mwenye miguu.

Njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro nayo ina hadithi yake. Kuna Jumamosi moja nilitembea kutoka Magomeni Mapipa kuelekea kituo cha Kagera nyuma ya mzee mmoja wa guta aliyebeba magunia ya mkaa. Alianza kwenye njia ya baiskeli, kama ilivyokusudiwa. Akakuta jiko la mahindi ya kuchoma. Akashuka, akalipitisha guta barabarani, akarudi. Akakuta viatu vya mtumba vimepangwa juu ya turubai. Akashuka tena. Akakuta bodaboda sita zimeegeshwa zikingoja abiria. Mara ya nne hakurudi tena. Akabaki barabarani, kati ya magari, akisukuma kwa kifua, shati limelowa mgongo mzima. Dereva nyuma yake akapiga honi mfululizo akimwambia aende kwenye njia yake.

Njia yake ilikuwa wapi?

Wengi hapo huwageukia machinga. Oktoba 2021 waliondolewa pembezoni mwa barabara, na kwa wiki chache njia zilikuwa nyeupe kiasi kwamba unasikia nyayo zako. Kisha wakarudi, kidogo kidogo, na mimi siwashangai. Mama wa mahindi anauza pale watu wanapopita, na watu wanapita pale kwa sababu basi limewashusha pale. Kituo cha mabasi bila wauzaji hakipo Dar es Salaam na sioni kama kitakuwapo. Kama tunajua hivyo, kwa nini mchoro wa kituo hauna mita nne za meza za biashara, zenye kivuli na bomba la maji na pa kutupa magunzi, nyuma ya njia ya watembeao? Ukimchorea mama wa mahindi mahali pake, mzee wa guta anapata mahali pake. Usipomchorea, bado atakuwepo, ila juu ya mtu mwingine. Nadhani hili ndilo kosa kubwa la michoro yetu kuliko yote, kubwa hata kuliko vivuko. Tunaichora barabara kana kwamba ni bomba la kupitisha vitu kutoka Kimara hadi Posta, ilhali ni mahali watu wanapokaa, wanapopika, wanapooana.

Bodaboda vilevile. Kimara Mwisho jioni, basi likifungua milango, wanaoshuka wanapaswa kufika Bonyokwa, Saranga, Temboni, Msewe, kwenye vilima ambako daladala hazipandi. Ni bodaboda na bajaji zinazowafikisha. Ni kiungo cha mwendokasi kama tairi lilivyo kiungo cha basi. Lakini kwenye michoro mingi niliyoiona, bodaboda ni tatizo la trafiki: inafukuzwa, inarudi, inafukuzwa. Wape kijiwe chenye paa, chenye mstari wa kuingilia na wa kutokea, hatua hamsini kutoka mlango wa kituo, ili abiria asipite katikati ya barabara kuzifuata. Wakishakuwa na kijiwe wana kiongozi, na wakiwa na kiongozi unaweza kuwadai kofia mbili kwa kila pikipiki na kutopita njia ya mabasi. Kijana asiye na pa kusimama utamdai nini?

Mvua siwezi kuiruka, ingawa ni makala nyingine nzima. Jangwani, Mto Msimbazi ukifurika, barabara inafungwa na mwendokasi inakatika vipande viwili. Karakana ya mabasi ilijengwa bondeni mlemle, na mwaka 2018 maji yaliyaingia mabasi. Mpango wa daraja refu la kuvuka bonde upo, na ninausubiri. Ninachoomba ni kwamba daraja hilo likijengwa, njia ya waenda kwa miguu iwe pana na yenye ukuta dhidi ya magari, maana siku ya mafuriko nusu ya jiji hutembea.

Jiji letu lilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Awamu nyingine za mwendokasi zinapita Kilwa, Nyerere, Bagamoyo, barabara ninazozipenda na kuziogopa vilevile. Na kila barabara itakayofuata ina mhandisi anayechora sasa hivi au atakayechora mwakani. Ningeweza kumwomba mtu huyo kitu kimoja tu, ningemwomba ashuke kwenye gari la ofisi saa kumi na mbili asubuhi, aache kofia na koti la kung'aa, amshike mtoto wa mtu mkono, na avuke.

Mwezi uliopita nilinunua daftari la mistari, nikachora safu kwa rula. Waenda kwa miguu wanaovuka. Waenda kwa miguu wanaofuata barabara. Wenye mizigo. Watoto wa shule bila mtu mzima. Wazee. Wenye ulemavu. Baiskeli. Guta na mikokoteni. Bodaboda, abiria wangapi. Bajaji. Daladala, nikikadiria watu waliomo badala ya kuhesabu gari. Magari madogo nimeyawekea safu pia, wapo watu mle ndani. Nimekaa nalo asubuhi tatu Mbezi, upande wa dukani kwa jirani yangu, kwenye kigoda chake, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Vijiti vinne, cha tano unavikata.

Asubuhi ya pili mama alinifuata na chupa ya chai. Akasimama kando yangu, akatazama daftari, akauliza safu ile ya wazee ni ipi. Nikamwonyesha. Akanipa chupa, akafunga kanga vizuri kiunoni, akaenda ukingoni. Walikuwapo watu wawili tayari. Akawaambia, "Tungojeane, wanangu," wakangojea, wakafika watano, akaja na kijana wa guta, na walipovuka yeye alikuwa katikati yao. Alipofika ng'ambo akageuka akanitazama mpaka nilipochora kijiti.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti amekubali kunipa dakika kumi, na afisa mipango miji wa manispaa amesema atakuja. Kurasa zilizojaa ni kumi na saba. Mama wa duka anakuja, vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda wanakuja, na mwalimu wa darasa la tatu ameahidi kuja na orodha ya watoto wanaovuka peke yao.